Kutoa gari kuukuu kwa shirika la hisani Marekani: hesabu, karatasi na tarehe ya Desemba 31

Ikiingia Novemba, redio za Marekani huanza wimbo uleule: tupe gari lako, liwe linawaka au haliwaki, tutalifuata bure mpaka mlangoni, nawe utapata unafuu wa kodi. Kwa mtu wa kwetu aliyeko Columbus, Dallas au Minneapolis, mwenye Corolla iliyolala uani tangu gia boksi ife, maneno hayo ni asali. Mkweche unaondoka, mwenye nyumba ananyamaza, mwenye shida anasaidiwa, na serikali nayo inarudisha kidogo.

Hilo la mwisho ndilo linalotaka kalamu na karatasi kabla hujapiga simu. Wengi wanaotoa magari hawapunguziwi kodi hata senti, na tangazo haliwaambii. Kwa hiyo naanza na hesabu, halafu shirika, halafu karatasi za gari lenyewe.

1. Angalia kama punguzo linakuhusu

Anayejaza ritani ya kodi Marekani huchagua njia moja kati ya mbili za kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Ya kwanza ni punguzo la kawaida, lisilohitaji risiti yoyote. Kwa mapato ya 2025 ni dola 15,750 kwa anayejaza peke yake na dola 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Kwa mapato ya 2026 yamepanda hadi dola 16,100 na 32,200. Njia ya pili ni kuorodhesha matumizi moja moja kwenye fomu iitwayo Schedule A: riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na za majengo, sadaka zenye risiti na kadhalika.

Gari lililotolewa huingia kwenye orodha hiyo tu. Kama orodha yako yote, pamoja na gari, haifiki punguzo la kawaida, gari halikupunguzii kitu. Tangu sheria ya kodi ya 2017 ilipokaribia kuliongeza maradufu punguzo la kawaida, walipakodi wapatao tisa katika kila kumi hawaorodheshi. Kama umepanga nyumba na huna mkopo wa nyumba, kuna uwezekano mkubwa wewe ni mmoja wao.

Chukua mfano wa mume na mke kwa mwaka 2026. Riba ya nyumba dola 14,000, kodi za jimbo na jengo 9,000, fungu la kumi kanisani 5,000. Jumla 28,000. Wakitoa gari likauzwa dola 1,200, wanafika 29,200, bado chini ya 32,200. Wametoa sadaka, Mungu awabariki, ila kodi yao imebaki palepale. Sasa wale wale wangekuwa tayari na 33,000 kabla ya gari: hizo 1,200 zinaondoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, na kama wako kwenye kiwango cha asilimia 12 wanaokoa dola 144, kwenye asilimia 22 wanaokoa 264. Haziwi 1,200 kamwe. Punguzo hushusha mapato yanayohesabiwa, haliondoi kodi dola kwa dola, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kuna kikwazo kingine kwa wanaoorodhesha: sehemu ya sadaka zako isiyozidi nusu ya asilimia moja ya mapato yako haihesabiwi. Mwenye mapato ya dola 80,000 hupoteza dola 400 za mwanzo. Kama tayari unatoa fungu la kumi, kizingiti hicho umeshakivuka kabla gari halijaingia. Kama gari ndiyo sadaka yako pekee ya mwaka, litakatwa.

Kuna kundi moja ambalo hesabu yake iko tofauti kabisa, na sijui kwa nini halitajwi zaidi: wanafunzi wenye viza ya F-1. Kwa kawaida, katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda mwanafunzi huyo huhesabiwa si mkazi kwa mambo ya kodi na hujaza fomu 1040-NR. Huyu hapewi punguzo la kawaida (Wahindi wanalo kwa mkataba wa nchi yao), lakini anaruhusiwa kuorodhesha sadaka alizotoa kwa mashirika ya Marekani. Mtanzania au Mkenya anayemaliza masomo, ana mshahara wa chuo unaokatwa kodi, na anataka kuachana na gari kabla ya kurudi nyumbani, anaweza kunufaika na punguzo hili kuliko profesa wake.

2. Jua gari lako lina thamani gani machoni pa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani

Zamani ulifungua kitabu cha bei, ukaandika thamani iliyokupendeza, ukaendelea na maisha. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa, na katika theluthi mbili ya hayo shirika lilikuwa limepata asilimia 5 au chini ya thamani aliyodai mtoaji. Mwaka uliofuata Bunge lilibadili sheria, na kuanzia 2005 kanuni ni hii: ukidai zaidi ya dola 500, punguzo lako haliwezi kuzidi kiasi ambacho shirika liliuzia gari.

Na mashirika mengi huuza mnadani, kwa jumla, upesi. Gari ambalo Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari, inasema lina thamani ya dola 3,000 kati ya mtu na mtu linaweza kwenda kwa 700. Utaandika 700.

Likiuzwa kwa dola 500 au chini, unaruhusiwa kudai bei ya soko ya siku ulipolitoa au dola 500, ile iliyo ndogo. Gari la thamani ya 900 lililouzwa kama chuma chakavu kwa 200 bado linakupa punguzo la 500. Ndiyo maana matangazo yote yanaitaja hiyo 500. Kwa magari mabovu ndiyo namba halisi.

Zipo njia tatu ambazo hukuruhusu kudai bei kamili ya soko. Shirika liwe linalitumia gari lenyewe kwa muda mrefu katika kazi zake, kama kupeleka chakula kwa wazee. Au lifanye matengenezo makubwa yanayoongeza thamani. Kuosha, kupiga rangi na kusafisha viti hakuhesabiki. Au limpe mtu mwenye shida bure au kwa bei iliyo chini sana ya soko, kama sehemu ya kazi yake ya hisani. Vehicles for Change ya Maryland, kwa mfano, hutengeneza magari yanayotolewa na kuyafikisha kwa familia za kipato cha chini. Kama gari lako bado lina miguu, tafuta shirika la aina hiyo lililo karibu nawe kabla ya kumpigia mwenye tangazo la redio. Mtu atapata usafiri wa kumpeleka kazini, na punguzo lako litakuwa kubwa zaidi. Jambo la kuangalia: ukidai zaidi ya dola 5,000 kwa njia hizi tatu, lazima uwe na tathmini ya maandishi ya mthamini anayekubalika.

3. Linganisha na kuuza mwenyewe

Hapa nitasema ninavyoona mimi. Gari linalowaka, lenye hati safi, ni bora uliuze mwenyewe halafu utoe pesa. Uliweke Facebook Marketplace au Craigslist, mtu alichukue kwa 2,500, nawe uandike hundi kwa shirika unalolipenda. Shirika linapata 2,500 badala ya kile kilichobaki baada ya dalali, mnada na gari la kuvuta. Kwa anayeorodhesha, punguzo ni 2,500 badala ya 700. Na gari lako binafsi likiuzwa chini ya bei uliyolinunulia, faida haipo, kwa hiyo kodi ya mauzo hayo haipo.

Kuanzia mapato ya 2026 sababu imeongezeka: hata asiyeorodhesha anaruhusiwa kupunguza hadi dola 1,000 za sadaka, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Lakini lazima iwe fedha. Nguo, fanicha na magari havimo. Yule mpangaji wa Dallas ambaye gari lake lisingempa chochote, akiliuza na kutoa dola 1,000, anapata punguzo bila kuorodhesha hata kitu kimoja.

Wengine huwaza kulipakia kwenye kontena na kulipeleka nyumbani. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na Tanzania na Uganda nako barabara zake ni za usukani wa kulia. Mkongomani, Mrundi au Mnyarwanda kwao hupita upande uleule kama Marekani, kwa hiyo usukani si tatizo. Kilichobaki ni nauli ya meli na ushuru. Ila kumpa binamu gari, hapo Columbus au kule Bukavu, ni zawadi. Haihesabiwi kuwa sadaka kwa mambo ya kodi hata kama binamu ana shida kiasi gani.

Kutoa gari lenyewe kunabaki na maana pale lilipokufa, pale usipo na muda wala moyo wa kukutana na wanunuzi wasiojulikana, au pale unapolikabidhi kwa shirika litakalolitumia kweli.

4. Hakikisha shirika

Liwe na hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilotozwa kodi. IRS ina ukurasa wa kutafuta mashirika yasiyotozwa kodi. Andika jina au namba ya utambulisho ya shirika na uone kama linakubalika kupokea sadaka zenye punguzo. Makanisa na misikiti inahesabika hata isipoonekana humo.

Chama chetu cha watu wa nyumbani, kile cha kuzikana na kuchangiana harusi, mara nyingi hakina hadhi hiyo, hata kama kimesajiliwa jimboni na kina akaunti benki. Uliza barua ya IRS. Vilevile kituo cha yatima kilichosajiliwa Kenya au Tanzania pekee hakikupi punguzo. Sheria inataka shirika lililoundwa Marekani. Shirika la Marekani linalofanya kazi Afrika linafaa.

Ukishapiga simu, uliza maswali haya bila aibu: Nani atakuja kulichukua, ninyi au wakala? Baada ya gharama, shirika linabaki na kiasi gani? Mtaliuza, mtalitumia, au mtampa mtu? Mtanitumia fomu 1098-C, ile risiti rasmi ya gari lililotolewa, yenye jina langu? Wakala wa biashara si kosa, sheria inamruhusu, lakini anayekwepa swali la pili amekujibu. Na angalia jina kamili: lipo shirika linalojulikana, na lipo lingine lenye jina linalofanana nalo kwa herufi chache.

Utaombwa namba ya Social Security au ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security. Watu wetu husita, na wana haki, ila bila namba hiyo fomu haikamiliki na punguzo linaanguka. Itoe baada ya kuhakikisha shirika, kwa simu uliyopiga wewe.

5. Weka hati ya umiliki sawa

Hii taitoli ndiyo inayochelewesha watu wengi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo itafute leo. Imepotea? Omba nakala kwa ofisi ya magari ya jimbo lako. Bado ina jina la benki iliyokukopesha? Ulishamaliza deni, lakini unahitaji barua ya benki ya kuliachia gari. Ina majina mawili, lako na la mwenzi wako? Yakiunganishwa kwa "na", nyote wawili mnatia sahihi, hata kama mwenzi yuko Mombasa kwa mapumziko ya Krismasi. Ohio, North Carolina na Pennsylvania zinataka sahihi ithibitishwe na notari, basi usisaini jikoni ukadhani umemaliza.

Andika jina la shirika kwenye nafasi ya mpokeaji. Dereva wa bredauni akikuambia uache wazi, kataa. Hati yenye sahihi yako na nafasi tupu inaweza kupita mikono mitatu huku gari likiendelea kuwa lako kisheria, na siku likipatikana limetelekezwa au limegonga mtu, barua itakuja kwako. Jaza pia maili zilizosomeka kwenye dashibodi.

6. Siku ya kuchukuliwa

Kabla hawajafika, piga picha pande zote nne, dashibodi inayoonyesha maili, na VIN, namba ya utambulisho wa gari. Tafuta chini ya viti na kwenye droo ya mbele. Huko ndiko zinakolala risiti za kutuma pesa, barua za uhamiaji na nakala za pasipoti. Futa simu zilizounganishwa na anwani ya nyumbani iliyohifadhiwa kwenye ramani. Toa rimoti ya geti na kile kifaa cha kulipia barabara, la sivyo utalipa safari za mtu mwingine.

Namba za gari zing'oe, isipokuwa jimbo lako, kama California, linataka zibaki na gari. Chukua risiti ya dereva yenye tarehe, jina la shirika na maelezo ya gari.

Siku hiyohiyo ijulishe ofisi ya magari ya jimbo kwamba gari si lako tena. California inakupa siku 5, Texas siku 30. Kwa mtandao ni dakika chache. Baada ya hapo, ndipo usimamishe bima. Usitangulize bima ukidhani unaokoa senti za wiki moja.

7. Desemba 31

Kinachohesabika ni tarehe ambayo shirika au wakala wake alipokea gari na hati. Mnada unaweza kufanyika Februari. Punguzo linabaki la mwaka ulipotoa. Lakini gari lililoahidiwa Desemba 28 na kuchukuliwa Januari 3 ni la mwaka mpya, hata kama ulijaza maombi yao mapema. Wiki ya mwisho wa mwaka kila mtu anataka bredauni, na theluji haisaidii. Piga simu karibu na sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba, na wakikupa nafasi ya Desemba 30, omba ya mapema au tafuta shirika jingine.

8. Fomu

Shirika likiliuza, lina siku 30 tangu siku ya mauzo kukutumia fomu 1098-C. Likilitumia, likilitengeneza au kumpa mhitaji, siku 30 zinahesabiwa tangu ulipotoa. Ikifika, soma visanduku hivi: cha 1 ni tarehe uliyotoa, cha 3 ni VIN, ilinganishe na picha yako, cha 4c ni bei iliyouziwa, na ndiyo kikomo chako. Visanduku 5a na 5b ni vya zile njia tatu. Kisanduku cha 7 kikiwa na alama, punguzo lako halizidi dola 500.

Kiasi hicho kinaingia Schedule A. Sadaka zako zisizo za fedha zikizidi dola 500 kwa jumla, jaza pia fomu 8283; gari ambalo punguzo lake ni bei ya mauzo huandikwa Sehemu A, hata bei ikizidi 5,000. Nakala B ya 1098-C huambatanishwa na ritani. Unayejaza kwa kompyuta, iambatanishe kama PDF au uitume kwa posta pamoja na fomu 8453.

Aprili 15 imefika na 1098-C haijaja? Una njia mbili. Omba muda zaidi kwa fomu 4868, ambayo inakusogeza hadi Oktoba 15 kwa kujaza lakini si kwa kulipa. Kodi unayodaiwa bado inatakiwa Aprili. Au jaza bila gari sasa, na fomu ikifika urekebishe kwa 1040-X. Usidai zaidi ya 500 bila fomu mkononi. IRS hupata nakala yake kutoka kwa shirika, na kulinganisha ni kazi ya kompyuta.

Mwisho kuna huyu ndugu anayejazia watu kodi sebuleni kwake, mwenye mkono mwepesi: "Andika elfu nne, hawaangalii." Elfu nne hizo zikikataliwa utalipa kodi iliyopungua, riba, na uwezekano wa faini ya asilimia 20, na sahihi iliyo chini ya ritani ni yako. Mwonyeshe kisanduku cha 4c. Akisisitiza, chukua karatasi zako utafute mwingine. Nakala C, picha, risiti ya dereva na uthibitisho wa ofisi ya magari viweke pamoja na ritani ya mwaka huo kwa miaka isiyopungua mitatu.